Kuchagua Betri za Tochi kwa Dharura na Kambi: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mombasa

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na kabla ya mwaka huo kwisha hali hiyo ilijirudia mara mbili, mwezi Novemba na tena mwezi Desemba, wakati ambapo Pwani ilikuwa imeelemewa na mafuriko ya mvua za El Niño. Tochi si kitu adimu katika nyumba za Mombasa. Tatizo ni kwamba tochi moja inataka betri tatu nyembamba, nyingine inataka mbili nene, ya tatu huchajiwa kwa waya ambao hakuna anayejua uliko, na duka la jirani limebakiwa na aina moja tu ya betri, ambayo ndiyo hasa isiyoingia katika tochi yoyote kati ya hizo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na betri: chagua kwanza ukubwa utakaoweza kuupata, kuuhifadhi na kuubadilisha pasipo stima, kisha utafute tochi inayoutumia.

Hatua ya kwanza: jua unataka mwanga wa kazi gani

Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kumulika chumba ili watu wasijikwae kunahitaji lumeni 10 hadi 30 tu, hasa ukiisimamisha tochi ikatazama dari jeupe. Kupita vichochoro vya Mji wa Kale au kutembea kutoka stejini hadi nyumbani kunatosheka na lumeni 50 hadi 100. Lumeni 300 na zaidi ni za kumulika mbali, kwa mfano unapotafuta chombo majini au unapotaka kujua ni nini kilichotikisa kichaka nyuma ya hema. Tochi inayotangazwa kuwa na lumeni 1000 huweza kuzitoa kwa dakika chache, kisha hupata moto na kujipunguza yenyewe. Usilipie lumeni ambazo hutazitumia, kwani kila lumeni inakula betri.

Hatua ya pili: zifahamu betri kwa vipimo vyake

Betri za duara za kawaida ni nne. Iliyo nyembamba kuliko zote ni AAA, yenye kipenyo cha milimita 10.5 na urefu wa milimita 44.5, na muuzaji yeyote atakuelewa ukimwomba betri za rimoti. Inayofuata ni AA, ile ya saa ya ukutani, yenye kipenyo cha milimita 14.5 na urefu wa milimita 50.5. Kisha kuna C, yenye kipenyo cha milimita 26.2 na urefu wa milimita 50, ambayo siku hizi ni nadra kuikuta dukani na ambayo, kwa maoni yangu, haina sababu ya kununuliwa tochi mpya kwa ajili yake. Ya mwisho ni D, yale mawe makubwa ya redio, yenye kipenyo cha milimita 34.2 na urefu wa milimita 61.5. Zote nne, zikiwa za kutupwa baada ya matumizi, hutoa volti 1.5. Tofauti yao kubwa ni kiasi cha umeme kilichomo: AAA ya alkalaini (aina ninayoitofautisha na nyingine katika hatua ya tatu) hubeba takriban miliampea-saa (mAh) 1000 hadi 1200, AA hubeba 2000 hadi 2800, C hukaribia 8000, na D hubeba 12000 hadi 17000.

Tarakimu hizo zina jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui. Tochi ndogo za bei nafuu, zile zenye balbu nyingi za LED mbele, hutumia AAA tatu ndani ya kikombe cha plastiki. Betri hizo tatu kwa pamoja zina nishati inayozidi kidogo tu ile ya AA moja, lakini utanunua betri tatu, utabadilisha tatu, na ikichoka moja tu tochi nzima hufifia. Watengenezaji huzipenda kwa sababu LED nyeupe huhitaji takriban volti 3 ili iwake, na betri tatu za volti 1.5 zikipangwa mfululizo hutoa 4.5, kwa hiyo hawalazimiki kuweka saketi ya kupandisha volti. Tochi ya AA moja lazima iwe na saketi hiyo, ndiyo maana huwa ghali kidogo; hata hivyo saketi hiyohiyo huikamua betri hadi mwisho, ilhali tochi isiyo nayo hufifia mapema huku betri zikiwa bado na umeme.

Zipo pia betri za lithiamu za kuchaji, ambazo hupewa majina kwa tarakimu za vipimo vyake. Ile ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na 21700 ina kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70. Hizi ni za volti 3.7, na zikijaa hufika 4.2. Moja ya 18650 iliyo halisi hubeba nishati inayokaribia ile ya AA tatu na nusu za alkalaini. Kuwa mwangalifu na 14500, ambayo ina umbo lilelile la AA lakini inatoa volti 3.7: ukiitia katika tochi, redio au saa iliyoundwa kwa volti 1.5, kifaa kinaweza kuungua papo hapo.

Hatua ya tatu: soma herufi zilizoandikwa ubavuni

Ukubwa peke yake hautoshi, kwa kuwa betri mbili za AA zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana mara tatu kwa uwezo. Betri nyingi zinazouzwa moja moja au mbili mbili katika vioski vyetu ni za zinki-kaboni. Ni nafuu, zinafaa kwa rimoti na saa, lakini katika tochi yenye mwanga mkali huchoka upesi, na ganda lake la zinki huliwa kadiri betri inavyotumika hadi likatoboka na kuvujisha.

Njia ya kuzitambua ni rahisi na haihitaji kumwamini muuzaji. Igeuze betri utafute msimbo mdogo: zinki-kaboni huandikwa R03 kwa AAA, R6 kwa AA, R14 kwa C na R20 kwa D. Alkalaini huandikwa vivyo hivyo lakini hutanguliwa na herufi L, yaani LR03, LR6, LR14 na LR20. Herufi hiyo moja ndiyo unayoilipia. Maneno kama vile "nguvu zaidi" au "kazi nzito" yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu hayana maana yoyote ikiwa msimbo ni R6 mtupu.

Aina ya tatu ni AA ya lithiamu ya kutupwa, inayoandikwa FR6. Ina volti 1.5 kama AA ya kawaida, uzito wa gramu 15 hivi badala ya 23, uwezo wa takriban mAh 3000, na huweza kukaa ghalani hadi miaka 20. Bei yake ni kubwa na haipatikani kila duka, lakini kwa tochi inayokaa ndani ya mashua au ndani ya gari ikisubiri dharura sijaona iliyo bora, kwa sababu ni nadra sana kuvuja.

Ya nne ni AA au AAA ya kuchaji ya NiMH (nikeli na hidridi ya metali), yenye volti 1.2. Volti hizo pungufu zisikutie wasiwasi, kwa kuwa tochi nyingi za LED huzikubali. Tafuta zilizoandikwa kwamba huja zikiwa tayari zimechajiwa, maana hizo hupoteza chaji polepole. Zile za zamani huisha zenyewe ndani ya miezi michache hata bila kuguswa. Chaja nayo ichaguliwe: nzuri ni ile inayochaji kila betri peke yake na kujizima ikijaa, si ile inayolazimisha jozi na kuendelea kusukuma umeme mpaka uikumbuke.

Hatua ya nne: piga hesabu ya usiku mmoja

Mombasa iko karibu na Ikweta, kwa hiyo usiku wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, na hilo linarahisisha hesabu. Tuseme nyumba yako inahitaji mwanga hafifu wa lumeni 20 usiku kucha sebuleni, pamoja na saa moja ya mwanga wa lumeni 100 kwa kupika, kuogesha watoto na kutazama kama maji yanaingia uani. LED ya kawaida hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati, kwa hiyo mwanga hafifu unatumia wati 0.2 na ule mkali unatumia wati 1. Saa 12 zikizidishwa kwa 0.2 ni wati-saa 2.4, ongeza 1 ya mwanga mkali, unapata 3.4, ongeza robo kwa sababu ya upotevu ndani ya saketi, unafika karibu 4.3.

AA ya NiMH yenye mAh 2000 ina wati-saa 2.4, yaani ampea-saa 2 zikizidishwa kwa volti 1.2. Betri mbili zinakupa 4.8, na usiku umepita. Kwa dharura ya siku tatu, ambayo ndiyo ninayoishauri kwa kila nyumba, unahitaji betri sita kwa kila tochi inayofanya kazi hiyo. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa D moja ya alkalaini, utaona kwamba peke yake inaweza kuzibeba siku zote tatu katika tochi iliyoundwa kwa D moja. Shida ni kwamba tochi za namna hiyo ni chache, nyingi zinataka mbili, tatu au nne.

Saa zilizoandikwa kwenye boksi la tochi zisomwe kwa tahadhari. Kipimo cha FL 1, kinachotumiwa na watengenezaji wengi, huhesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. "Saa 50" zinaweza kuwa saa chache za mwanga unaofaa na nyingi za mwanga wa kuonea tundu la kufuli.

Hatua ya tano: amua ukubwa mmoja kwa nyumba, kisha ongeza wa safari

Kwa nyumbani, ukubwa wa kuchagua ni AA. Unapatikana kuanzia kioski cha mtaani Kisauni hadi maduka makubwa ya Nyali, una aina zote nne nilizozieleza, na saa ya ukutani inaweza kuazima tochi betri yake usiku wa manane. Uamuzi wa maana ni kuwa na ukubwa mmoja kwa tochi zote za nyumba. Tochi tatu za AA moja au mbili zina faida kuliko tochi tano za kila namna, kwa sababu betri za moja zitaingia katika nyingine bila mashauriano.

D bado ina nafasi yake. Mlinzi wa usiku anayekesha langoni, mzee asiyetaka kubadilisha betri mara kwa mara, au taa ya kusimama mezani isiyobebwa, wote hao wanafaa kutumia D. Kizazi kilicholelewa na tochi za bati kiliizoea, na kwa miaka mingi betri hizo zilitengenezwa hapa nchini, Nakuru, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Jihadhari tu na D za kuchaji zilizo nyepesi isivyo kawaida: baadhi yake zina betri ya AA iliyovishwa ganda kubwa, na maandishi ya mAh 2500 ubavuni ndiyo yanayozifichua. D ya alkalaini huwa na uzito wa gramu 140 hivi, na ukiishika mkononi utaujua.

Ikitokea usiku wa dharura una tochi ya D na AA tu ndani ya nyumba, tochi hiyo inaweza kuwaka. Zungushia kila AA gazeti mpaka inene na kuenea ndani ya tochi bila kucheza, ukiziacha ncha zote mbili wazi, kisha ujaze pengo la milimita 11 lililobaki kwa karatasi ya foili iliyokunjwa ikawa kidonge kigumu upande wa chini, ule wa hasi. Hakikisha foili haigusi ubavu wa betri wala bati la tochi. Kwa tochi ya C kazi ni gazeti tu, kwa sababu urefu unakaribiana. Betri zote ndani ya tochi ziwe za aina moja na umri mmoja, na ujanja huu usijaribiwe kamwe kwa betri za lithiamu za volti 3.7.

Tochi za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi, zinazouzwa kwa wingi mjini, mara nyingi zina betri ndogo ya risasi na asidi. Betri ya aina hiyo hufa ikiachwa bila chaji kwa miezi, na ndiyo sababu nyingi hukutwa zimekufa siku zinapohitajika. Ukiwa nayo, ichaji kila mwezi hata kama hukuitumia, na usiifanye kuwa tegemeo lako la pekee. Tochi ya simu nayo iachiwe dakika za mwanzo tu, maana simu ndiyo utakayotumia kumpigia ndugu aliye ng'ambo ya Likoni.

Kambi ina masharti tofauti. Anayelala Shimba Hills, ambako tembo wapo na njia ya kwenda msalani ni giza totoro, anahitaji tochi ya kichwani ili mikono yake iwe huru, na tochi ya pili ya mkononi yenye kumulika mbali. Tochi nyingi za kichwani hutumia AAA tatu. Ikiwa unaweza kupata ya AA moja au ya 18650 inayochajiwa kwa USB, ichukue hiyo. Kwa safari ya siku mbili au tatu, 18650 moja ndani ya tochi na nyingine ya akiba ndani ya kasha la plastiki zinatosha, na pawabenki ya simu inaweza kuichaji. Kwa anayekwenda Tsavo Mashariki kwa wiki nzima, ningeongeza tochi moja ya AA, kwa kuwa Voi utapata AA bila shida lakini huenda 18650 usiione. Wanaopanda Mlima Kenya wakumbuke kwamba alkalaini hudhoofika sana katika baridi kali. FR6 au lithiamu ya kuchaji ndiyo inayofaa huko, nayo ilazwe ndani ya blanketi pamoja na mwenyewe.

Kwa wavuvi na wanaovuka bahari usiku, alama ya kutafuta ni IPX7, inayomaanisha kwamba tochi imestahimili kuzamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30, au IPX8, ambayo ni zaidi ya hapo. IPX4 ni ya matone ya mvua tu. Baada ya kila safari isuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kabla ya kuifungua, usije ukaingiza chumvi ndani mwenyewe.

Hatua ya sita: nunua bila kudanganywa

Udanganyifu mkubwa uko katika 18650. Betri halisi za ukubwa huo kwa kawaida huishia karibu na mAh 3500. Ukiona imeandikwa 6800 au 9900, irudishe mezani bila kujadili bei. Halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na mizani ndogo ya jikoni inatosha kuumbua ile iliyojazwa vitu vingine. Usinunue iliyochanika kanda yake ya plastiki, kwa kuwa ganda lote chini ya kanda hiyo ni hasi, na likigusana na chanya betri huweza kuwaka moto.

Kwa alkalaini, tazama tarehe ya mwisho iliyochapishwa na uone kama pakiti imekaa dirishani juani. Mita ya kupima volti ikiwepo, alkalaini mpya husoma volti 1.5 hadi 1.6, ikisoma 1.2 au 1.3 imetumika sana. Chini ya 1.1 haifai tena kwa tochi. Asiye na mita aiachie betri ianguke wima kutoka urefu wa vidole vitatu juu ya sakafu ya saruji: alkalaini mpya hutua kwa kishindo kizito na karibu isimame, iliyotumika hurukaruka. Jaribio hili haliwezi kukuambia umebaki umeme kiasi gani, na halifai kwa zinki-kaboni wala NiMH, lakini linatosha kutenganisha mpya na kuukuu zilizochanganyika ndani ya droo.

Hatua ya saba: zihifadhi katika joto, unyevu na chumvi ya Pwani

Adui wa betri hapa kwetu ni hewa yenyewe. Joto huharakisha upotevu wa chaji, na unyevu wenye chumvi hufanya springi na kibati cha ndani viote kutu au ukoga wa kijani. Toa betri ndani ya tochi isiyotumika, uziweke pamoja na tochi hiyo ndani ya mkebe unaofunga vizuri, ukitia humo vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mkebe ukae chini ya kabati, mbali na mabati ya paa. Friji haihitajiki, betri ikitolewa humo kwenye hewa yetu hulowa mara moja. Lithiamu isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani ufukweni, kwa kuwa joto la humo huweza kuipita ile nyuzi 60 inayoogopwa. Za NiMH zichajiwe kila baada ya miezi mitatu, na wakati mzuri wa kuukagua mkebe wote ni kabla ya masika, mwezi Machi, na tena kabla ya vuli, mwezi Septemba.

Tochi ndogo za kwenye funguo hutumia betri bapa za CR2032. Nyumba yenye watoto wadogo izifungie mahali pasipofikika, kwa sababu ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Mtoto anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali papo hapo, bila kusubiri dalili.

Betri ikivuja ndani ya tochi, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, uitoe, kisha uchovye kijiti cha pamba katika siki au maji ya ndimu na usugue ule unga mweupe wa alkalaini mpaka uache kutoa povu. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, paache pakauke kabisa, halafu upitishe msasa laini kwenye springi hadi bati ling'ae. Betri zilizokufa zisitupwe jikoni penye moto wala kuchomwa na taka za mtaa. Za lithiamu zibandikwe selotepu kwenye ncha zote mbili kwanza, ziwekwe kando katika chupa kavu ya plastiki, na zipelekwe kwa wanaopokea taka za vifaa vya umeme chupa ikijaa.